Mrejesho: kuzama kwenye solo mpaka napotea

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kwa nini nikipiga solo ya gitaa ya papo kwa papo nazama mpaka sijui tuko wapi. Wenzangu wanarudi kwenye kiitikio, mimi bado naelea. Wengi mlisema nipunguze noti na niimbe ninachopiga.

Nimefanya. Kwenye bluzi ya baa 12 (mzunguko wa vipimo 12 vya mapigo unaojirudia) nilijifungia noti tano tu: A, C, D, E na G. Kila kifungu nakiimba kwa sauti ya chini, vidole vinafuata. Pumzi ikiisha, kifungu nacho kinaisha. Kwenye ule ukimya ndipo nasikia besi ikihamia D, baa ya 5. Zamani sikuwa naisikia kabisa, nilikuwa natiririsha tu.

Kuhesabu baa kichwani, aliyenishauri anisamehe, kuliniulia raha yote.

Jana mazoezini tulijirekodi. Mizunguko sita, nimepotea mara moja: nilinasa C kwenye uzi wa pili, nikaivuta, nikaiacha itetemeke, nikafumba macho. Kufumbua, mpiga ngoma ananitazama anacheka. Hiyo moja, kusema kweli, sitaki ipone.