Gari limebaki Minneapolis, mimi niko Kisumu hadi Machi

Kutoka: Dada wa Mamboleo, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na siku mbili baadaye nilikuwa kwenye ndege. Sikupata nafasi ya kujipanga. Ameshafanyiwa upasuaji, sasa anafundishwa kutembea na mkongojo, na sitamwacha kabla ya mwisho wa Machi.

Gari langu ni Corolla ya 2014. Nililiacha kwenye uwanja wa nyumba ninayopanga Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mahali wazi pasipo paa. Funguo anazo binamu yangu anayekaa mji jirani wa Brooklyn Park. Amejitolea kwenda kila Jumamosi aliwashe dakika kumi lipate joto. Mwenye nyumba naye ameniandikia kwamba theluji ikianguka kila gari lisogezwe ili trekta lipite, na litakalobaki litavutwa. Nimelala nikiwaza mama, nimeamka nikiwaza gari. Nisaidieni.

*

Kutoka: Kaka wa Lurambi, Kakamega

Dada, pole sana kwa mama. Nyonga kwa mtu wa umri wake si jambo dogo, na ulifanya vyema kuja. La gari tutalipanga.

Kwanza kabisa, mpigie binamu umwambie asiliwashe. Najua anatoa kwa moyo safi. Mimi pia nilimwomba rafiki anifanyie hivyo mwaka 2019, nilipokuja Shinyalu kumzika baba nikakaa hadi Aprili. Rafiki yangu hakukosa hata Jumamosi moja. Niliporudi St. Paul, jirani na Minneapolis, nilikuta betri imepasuka ubavuni na ekzosi inavuja kwa kutu. Kosa halikuwa lake, mimi ndiye niliyemwagiza. Kuwasha injini huchota umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na dakika kumi za kunguruma papo hapo hazitoshi kuurudisha, tena hita ikiwa imefunguliwa na taa zinawaka. Kila wiki betri inashuka kidogo. Halafu petroli ikiungua hutoa maji. Injini ikishika moto sawasawa maji hayo hutoka yakiwa mvuke, lakini isiposhika moto yanabaki ndani ya ekzosi na kwenye oili. Gari ama liendeshwe barabarani nusu saa na zaidi, ama liachwe lilale.

Betri ndiyo ya kuogopa kuliko vyote. Ikiwa imejaa husoma karibu volti 12.6, na maji yake ya asidi hayagandi hata kwa baridi ya Januari ya Minnesota. Ikiisha moto, ndani kunabaki kitu kinachokaribia maji matupu, nacho huganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 hivi chini ya sifuri. Nawe unajua usiku wa Januari kule hushuka hata nyuzi 20 na zaidi. Barafu hutanuka, sahani za ndani zikapinda, kasha likapasuka. Na wote mnaosoma hapa tafadhali shikeni hili: betri iliyoganda haichajiwi wala haiunganishwi na betri ya gari jingine ili kuliwasha, maana inaweza kulipuka.

Dawa ya kawaida ni kuing'oa betri, kukaa nayo ndani ya nyumba na kuichaji mara moja kwa mwezi. Lakini kwako dawa hiyo inagongana na mwenye nyumba. Gari lisilo na betri halisogei, na lisiposogea litavutwa, kisha utalipia kuvutwa na kila siku ambayo litakaa yadi. Usifikirie kulihamishia barabarani pia. Minneapolis hairuhusu gari kukaa mahali pamoja barabarani zaidi ya saa 72, na jiji likitangaza dharura ya theluji kuna utaratibu wa siku tatu: usiku wa kwanza barabara kuu zote ziwe wazi, siku ya pili upande wa namba shufwa kwenye barabara nyingine, siku ya tatu upande wa namba witiri. Huwezi kufuata hayo ukiwa Mamboleo.

Kwa hiyo tafuta paa. Usikimbilie mabohari ya kulipia kabla hujauliza nyumbani kwanza. Kuna familia zetu nyingi Brooklyn Park na Brooklyn Center zenye gareji ya magari mawili na gari moja. Muulize binamu, uliza kanisani, uliza kwenye chama. Ukipata, toa kitu kidogo kila mwezi hata wakikataa, kwa sababu gari lako linakula nafasi yao na wao pia wana theluji ya kukwangua. Hakikisha kuna soketi karibu.

Paa likipatikana, binamu awe na siku moja ya kazi. Achague siku ambayo baridi imelegea na barabara ni kavu. Aliendeshe kwenye barabara kuu kwa dakika arobaini au zaidi, injini ipate moto kweli kweli. Apitie mahali pa kuosha magari panaporusha maji chini ya chasi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu haiachi kula chuma gari likilala. Ajaze tenki hadi juu, nafasi ya hewa ikiwa ndogo na unyevu unaoingia unakuwa mdogo, na kabla ya kujaza amimine ile dawa ya kuhifadhi petroli ili safari ya kurudi iisambaze hadi kwenye injini. Kama oili ilikuwa karibu kubadilishwa, ibadilishwe sasa. Oili chafu ina asidi na maji, na itakaa miezi minne ikilowesha vyuma. Aulize pia kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ipimwe. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini fundi aliyewahi kuongeza maji ya bomba tu wakati wa kiangazi anaweza kuwa ameuharibu bila wewe kujua.

Akifika gareji, aweke gia kwenye P na asivute handibreki. Breki zikikaa zimebana miezi minne zinaweza kushikana na diski. Kabari mbili za mbao mbele na nyuma ya tairi zinatosha. Tairi zijazwe upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, kwani kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 tairi hupoteza karibu psi 1. Kisha achomeke chaja ndogo ile inayojizima yenyewe betri ikijaa. Si ile kubwa ya mafundi, hiyo itaichemsha betri. Kama hakuna soketi, aing'oe akianza na waya wa hasi, apeleke nyumbani kwake.

Mpigie saa mbili usiku ya Kisumu, kwao itakuwa saa tano asubuhi. Mkae kwenye video akiwa amefungua boneti, umwonyeshe kila kitu.

*

Kutoka: Mama wa Njoro, Nakuru

Mwanangu, mpe mama salamu, mwambie asiharakishe kuutupa mkongojo.

Kaka wa Lurambi amesema vizuri, ila amesahau panya. Nimekaa Winnipeg, Kanada, miaka ishirini na mbili na panya wamenigharimu kuliko baridi. Sisi tuliolelewa na mahindi tunajua kwamba ghala halifungwi kabla hujaangalia matundu. Gari lililolala ni ghala, lina joto kidogo, lina sifongo ya viti ya kutandika kiota, na waya za kutafuna. Binamu atoe kila kitu cha kuliwa: njugu chini ya kiti, biskuti za watoto, hata karatasi za chipsi. Nililiacha gari na pakiti moja ya unga wa uji kwenye buti, na waya za injini zililiwa hadi fundi akashindwa kuzihesabu.

Azibe mdomo wa ekzosi na njia ya hewa ya injini kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Panya hawezi kuzitafuna. Halafu aandike kwa kalamu nene, ZIBUA KABLA YA KUWASHA, afunge karatasi hiyo kwenye usukani. Lazima iwe kwenye usukani, kwa sababu Machi hakuna atakayekumbuka.

Na wale mlio kwenye majimbo ya Kanada ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta: hita ya injini ya kuchomeka kwenye soketi ni ya gari linaloendeshwa. Inaipasha injini moto, haiilindi betri. Msiiache imechomekwa miezi mitatu mkidhani mmelitunza gari, mtalipa bili ya umeme bure.

*

Kutoka: Ndugu wa Webuye

Tukiwa bado kwenye hili, walio Uingereza wasisahau SORN, yaani tamko rasmi kwamba gari haliko barabarani. Ukiacha gari bila kulitumia, ijulishe DVLA, mamlaka ya usajili wa magari kule. Ni bure, na utarudishiwa kodi ya miezi kamili iliyobaki. Lakini lazima likae mahali pa binafsi, kwenye uwanja wako au gareji, si kando ya barabara hata kama ni mbele ya mlango wako. Bila SORN wala bima utatozwa faini hata kama gari halijasogea.

*

Kutoka: Dada wa Mamboleo, Kisumu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nafasi imepatikana kwa familia moja ya Kisii, Brooklyn Park, na soketi ipo. Binamu alifanya yote jana tukiwa kwenye video, mama naye akichungulia akiwa kitandani, anauliza kwa nini gari linafungwa mdomo kama ng'ombe wa kulima. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu upasuaji.

Limebaki swali la bima. Je, niisimamishe hadi Machi?

*

Kutoka: Kaka wa Lurambi, Kakamega

Nimefurahi kusikia mama amecheka.

Usiisimamishe yote. Piga simu kwenye kampuni, waambie gari liko gareji na haliendeshwi, uulize kama wanaweza kubakisha ile ya moto, wizi na mti kuangukia gari, wapunguze iliyobaki. Sheria ya Minnesota inataka gari liwe na bima kipindi chote linapokusudiwa kutumika, hivyo irudishe yote kabla ya kuliendesha, na ukikaa bila bima miezi kadhaa kampuni nyingi hukutoza zaidi ukirudi. Kama bado unalilipia benki, usiguse chochote kabla ya kuwauliza, mkataba wao kwa kawaida hudai bima kamili. Mpe binamu namba ya bima na ya simu ya kampuni, azibandike ndani ya mlango wa gareji.

Ukirudi, usiliwashe mlango wa gareji ukiwa umefungwa, hata kwa dakika moja. Moshi wa ekzosi hauna harufu ya kukuonya vya kutosha, nao unaua. Fungua mlango wote, zibua nyuzi za chuma, angalia upepo wa tairi, kisha lisukumeni nje au ulitoe mara tu likishika. Kilomita za kwanza litatikisika kidogo kwa sababu tairi zimekaa upande mmoja, na breki zitakwaruza kutu. Nenda polepole, kanyaga breki taratibu mara kadhaa kwenye barabara tupu. Zisipotulia baada ya siku moja, mpelekee fundi.

*

Kutoka: Dada wa Mamboleo, Kisumu

Nimepiga simu. Wamebakisha ya moto na wizi. Karatasi iko kwenye usukani, nimeiona kwa macho yangu.