Naomba ushauri: kuzima programu zilizokuja na simu

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Simu yangu ni Android ya GB 16 tu, nimeshairuti (yaani nimejipa mamlaka kamili ya kubadilisha mfumo wake). Programu zilizokuja nayo zinakula nafasi na bando, na kwenye mipangilio kitufe cha kuzima hakibonyezeki.

Wiki iliyopita nilifuta moja kabisa kwenye mfumo. Simu ikagoma kuwaka, ikaganda kwenye nembo. Ikabidi niiflashi, yaani niuweke mfumo wake upya, picha za marehemu mama zikapotea. Imeniuma sana.

Sasa nataka kutumia amri ya Android inayoandikwa pm disable-user --user 0, maana inazima programu bila kuifuta. Je, programu zipi nisiziguse kabisa? Na simu ikigoma tena kuwaka, nitaziwashaje programu nilizozima bila kupoteza data?