Vitini vya "set = weka" vinawaharibu watoto wa kidato cha kwanza hapa Mbeya

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali.

Shule zikikaribia kufunguliwa, steshenari za Kabwe, Mwanjelwa mpaka Uyole zinajaa vitini vya kopi: neno la Kiingereza kushoto, neno la Kiswahili kulia, mstari mmoja basi. Mzazi ananunua, na ana haki ya kutafuta msaada. Mtoto katoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, ghafla fizikia, kemia, baiolojia na hisabati zote zinamjia kwa Kiingereza. Anachouziwa ni hiki: "set – weka". Vingine vinaongeza "seti" na kufunga mjadala. Mtoto anakariri, anahojiwa nyumbani, anapata alama zote, kila mtu anafurahi. Halafu anakwenda maabara na hajui alichoambiwa afanye.

Nimelichukua neno hili moja kwa sababu ndilo linaloonyesha ubovu wa mtindo mzima. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, iliipa "set" maelezo marefu kuliko neno lolote: kama kitenzi tu ina maana zaidi ya 400. Baadaye wahariri wake walipofanya marekebisho, "run" ndiyo ikaipita. Hakuna anayetaka mtoto wa miaka 14 azijue 400. Anazohitaji hazifiki ishirini, na karibu zote tuna maneno yake, maneno ambayo mtoto huyo anayatumia kila siku nyumbani.

Hebu tazameni. Mwalimu "sets" mtihani: anatunga. Mwindaji "sets" mtego: anatega. Saa ya kengele inategeshwa. Jua "sets": linatua au linazama. Kuku "is set" juu ya mayai: anaatamishwa. Mfupa uliovunjika ukiwa "set" umeungwa. Jamu na jeli "set": zinaganda. Zege "sets": linashika. Maua ya parachichi "set" matunda: yanatunga, au wengine wa Rungwe husema yameshika. Bei inapangwa, meza inaandaliwa, mfungwa anaachiwa huru, nyumba inachomwa moto. Rekodi ndiyo inawekwa. Yaani katika orodha yote hiyo "weka" inakaa sawasawa mahali pamoja. Kiswahili kina kitenzi makini kwa kila kazi, anakuja mtu na kopi ya shilingi mia tano anavifuta vyote na kumwachia mtoto kimoja.

Sasa twende maabara, maana hapo ndipo alama zinapopotea. Chukua jaribio la pendulamu, la kawaida kabisa katika fizikia ya vitendo. Ndani ya maelekezo ya jaribio hilo moja "set" inaweza kuja mara tatu. "Set up the apparatus": funga vifaa kama mchoro unavyoonyesha, yaani stendi, kibanio, uzi na kitufe cha chuma. "Set the stopwatch to zero": irudishe saa kwenye sifuri. "Displace the bob through a small angle and set it swinging": kivute kitufe pembeni kidogo, ukiachie kianze kubembea. Mtoto wa "weka" anafika hapa na kukiweka kitufe kikiwa kimetulia, anasubiri. Au anakisukuma kwa kidole, kitu ambacho ni kibaya zaidi, kwa sababu kikisukumwa kinaanza kuzunguka kama kinachora yai badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Pembe inatakiwa iwe ndogo, chini ya nyuzi 10 hivi, kwa kuwa ile kanuni ya T = 2π√(l/g), yaani T muda wa kwenda na kurudi mara moja, l urefu wa uzi na g mvutano wa dunia, inashika kwa pembe ndogo tu. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 100, kwenda na kurudi mara 20 kunachukua kama sekunde 40. Akipata sekunde 33 ajue amekosea kuachia, kuhesabu au kupima urefu. Lakini hawezi hata kufika kwenye kujihakiki huko kama sentensi yenyewe hajaielewa.

Kanuni ya hapo ni nyepesi na hakuna kitini kinachoitaja: "set" ikifuatiwa na kitu, kisha kitenzi chenye -ing, maana yake ni kukifanya kitu kianze kutenda. Anzisha. Siyo weka.

Jambo la pili ambalo vitini hivi vinaliruka ni kwamba "set" haibadiliki. Leo "set", jana "set", imeshafanyika "set", kama "cut", "put", "hit" na "shut". Mtoto anajua tu kwamba vitenzi vya wakati uliopita vinaongezwa -ed, kwa hiyo anaandika "setted" na anakatwa. Na akisoma "She set the alarm" hatambui kuwa ni jana. Alama pekee ya kumwonyesha ni kukosekana kwa s. Ingekuwa kawaida yake ya kila siku ingekuwa "sets". Akitaka -ing aongeze t: "setting".

La tatu ni "sit" na "set". Sisi tuna kuketi na kuketisha, mwisho wa neno tu unaonyesha nani anatenda na nani anatendewa. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na uhusiano huohuo: "set" ilizaliwa kama kuketisha kwa "sit". Ukimwambia hivyo mtoto wa Kiswahili anaelewa papo hapo, kwa sababu lugha yake inafanya hivyo kutwa nzima. "Sit" haihitaji kitu mbele yake, "set" kwa kawaida inahitaji. Zinazokataa ni chache na zinafahamika: jua, jeli, saruji, na zile zinazoandamana na neno dogo kama "set off", kuanza safari.

Halafu hiyo "seti". Nomino "set" ya kundi la vitu ilipita Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, njia tofauti kabisa na kitenzi, kwa hiyo kuzilazimisha kuwa kitu kimoja ni kupoteza muda. Na hata "seti" yenyewe ina mtego. Seti ya sufuria dukani ni lazima ikamilike, na sufuria mbili za ukubwa mmoja ni sufuria mbili. Seti ya hisabati haina masharti hayo: inaweza kuwa tupu, mpangilio haujalishi, na kitu kilekile hakihesabiwi mara mbili. Herufi za neno MAMA ni seti yenye vitu viwili, M na A. Mtoto anayewaza sufuria ataandika vinne.

Kuna na "setting" ya fasihi ya Kiingereza. Ni mandhari: mahali, wakati, na hali ya jamii. Vitini vinaandika "mahali" peke yake na mtoto anajibu theluthi moja ya swali.

Ninachodai: wenye steshenari waache kuuza karatasi hizi, na walimu wenzetu wanaozitunga kwa ajili ya kozi ya kuwaandaa kidato cha kwanza waache mstari mmoja kwa neno moja. Neno liandikwe na mwenzake. Siyo "set", bali "set a trap", "set an exam", "set up", "set in", "set aside". Na mtoto afundishwe kujiuliza kwa utaratibu huu akikutana nalo: je, ni jina au ni tendo? Kama ni tendo, nini kinatendewa? Kuna neno dogo linalolifuata? Kuna -ing? Akijibu hayo, Kiswahili sahihi kinakuja chenyewe.

Fundi wa Iyunga:

Mleta uzi umegusa penyewe, ila usidhani inaishia shuleni. Sisi kwenye ujenzi tunazo "set" mbili na mafundi wa zamani hawazichanganyi. Kuseti nyumba ni kupima na kufunga kamba za msingi: unatumia mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kona kwa kona lazima isome mita 5, ndipo kona ni pembe mraba, ukimaliza kuta nne unapima mikingamo miwili, yaani kona hadi kona inayotazamana nayo, ilingane. Kushika ni habari ya saruji. Vijana wa sasa wanasoma maelezo ya Kiingereza kwenye mfuko kwa simu, simu inawaambia "subiri ikauke". Saruji haishiki kwa kukauka! Inashika kwa kuungana na maji. Ukiiacha ikauke mapema umeinyima maji iliyokuwa inayahitaji, plasta inachanika na ukiikwangua kwa msumari inamwaga unga.

Kwa viwango vinavyotumika sana, saruji ya 32.5 (namba ya daraja la nguvu yake) haitakiwi kuanza kushika kabla ya dakika 75, ya 42.5 kabla ya dakika 60. Na baridi inachelewesha. Asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu udongo wa saruji unakawia kuliko Mbarali kwenye joto, usiwe na haraka ya kupiga msasa. Ikishashika, mwagilia angalau siku 7. Na ule mchanganyiko ulioanza kushika kwenye karai, kuurudishia maji ili ulainike ni kuua nguvu yake. Utupwe.

Mkulima Uporoto:

Hapa na mimi nina la kulalamika. Lebo za dawa za viazi. Mankozebu imeandikwa ipigwe kabla ugonjwa hauja-"set in". "Set in" ni kuingia na kukaa, na mara nyingi husemwa kwa kitu kibaya: baridi, ukungu, kuoza. Dawa hii inakaa juu ya jani na kuzuia ukungu usiingie, haiponyi jani ambalo ukungu umeshaingia ndani. Kwa hiyo ni kupiga mapema mvua zikianza kushikana, na kurudia kila siku 7 hadi 10 kwa kipimo cha lebo. Lakini karatasi za Kiswahili zinazobandikwa juu ya vifungashio dukani zimetafsiriwa ovyo, mtu anaelewa kwamba apige "ugonjwa ukiweka". Anangoja aone madoa. Shamba linakwisha.

Na kwa wenye parachichi: lebo ikisema usipige kabla ya "fruit set", maana yake ngoja matunda yatunge kwanza, petali zidondoke na vitunda vionekane kama punje za njegere. Ukipulizia dawa ya wadudu wakati wa maua unaua nyuki, na bila nyuki parachichi aina ya Hass haitungi vizuri, kwani ua lake hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike halafu dume. Hata mti wenye afya hubakiza matunda machache mno kwa wingi ule wa maua, hayo machache ndiyo unayoyaua.

Mleta uzi:

Asanteni, mmenipa ushahidi ambao sikuwa nao. Niongeze mmoja unaofanana na wenu, mashine za kutotolesha vifaranga, maana siku hizi zimeenea mpaka Makambako na Mafinga. Kitabu chake kinasema "set the temperature at 37.5" na ukurasa unaofuata "set the eggs". Ya kwanza ni kurekebisha: unabonyeza kitufe cha SET, unapandisha au kushusha namba, unathibitisha. Ya pili ni kupakia mayai, ndiko kuatamisha kwa mashine. Kati ya hizo mbili iache iwake siku nzima joto litulie. Mtu aliyesoma zote kuwa "weka" anafanya kwa mpigo mmoja, mayai yanaingia joto likiwa bado linapanda na kushuka. Na siku 21 za kuku zinahesabiwa kuanzia mayai yalipopakiwa. Kuyageuza ni angalau mara 3 kwa siku, siku ya 18 unaacha. Akikosea siku ya kuanzia, kila kitu kinachofuata kimekosewa.

Wazazi mnaokwenda kununua vitini wiki hii, fungueni kwanza herufi S. Mkikuta "set" ina mstari mmoja, rudisheni. Tafuteni kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hata iliyotumika, angalieni neno hilohilo lina mistari mingapi na mifano ya sentensi. Halafu mnunulieni mtoto daftari la kurasa 96 achore safu tatu: "set" na mwenzake, kitenzi cha Kiswahili, na sentensi nzima kutoka kitabu chake cha fizikia au baiolojia. Kwa siku maneno matano yanatosha.