Saturn V ya marehemu mjomba, niimalizie au niiache ilivyo? Waliowahi kuunganisha modeli za plastiki naomba mawazo

mtoto_wa_kota

Wakuu habari za jioni. Swali langu ni kwa wale mliowahi kuunganisha zile modeli za plastiki, ndege au roketi, unapata boksi ndani vipande vimeshikana kwenye vijiti kama zabibu kwenye kikonyo, unakata kimoja kimoja unagundisha.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoa vitu nyumba ya bibi hapa Makole, Dodoma, juu ya kabati nikakuta boksi la Airfix, kampuni ya modeli, la Saturn V, ile roketi iliyopeleka Wamarekani mwezini, skeli ya 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko yenyewe. Nilikaa chini palepale sakafuni. Hii tuliianza mimi na mjomba mwaka 1983. Mjomba alikuwa fundi wa reli, tunakaa kota, sasa kuna mwalimu mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao akauza vitu vyake vyote, watu wanagombania godoro na jiko yeye karudi nyumbani na boksi la roketi kwapani. Bibi alisema sana siku ile maana ndo miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, watoto wote pale tulikuwa tunachezea magari ya waya na ya mabua ya mtama, plastiki ya dukani hatuijui.

Tulikuwa tunafanya usiku akitoka zamu, chemli katikati ya meza, chini kanga kuukuu ili kipande kikianguka kisidunde kikapotelea uvunguni. Yeye anakata na wembe, mi kazi yangu kusugua na msasa pale palipokatwa, namrudishia anapitisha kidole, kama bado ananirudishia bila kusema kitu. Zile injini tano za chini, F-1, nilisugua siku tatu. Huku ananisomea kile kikaratasi, kwamba hatua ya kwanza, kile kipande cha chini chenye injini, inasukuma kama dakika mbili na nusu tu inadondoshwa, ya pili inapokea, ya tatu ndo inawatuma mwezini. Roketi yenyewe mita 110 na ushee, hii yetu ikisimama haifiki sentimita 80, na kale kachombo kalikorudi na watu watatu ndani ni kule juu kabisa, kwenye modeli kanalingana na kizibo cha soda. Hapo nilimwuliza mara mbili. Vyote vile vinatupwa njiani kinarudi kizibo? Akasema ndiyo, kizibo tu. Nimekaa na hiyo kitu kichwani miaka arobaini.

1984 akahamishiwa Tabora, akasema tutamalizia likizo. Hatukumalizia, na 1991 akafariki.

Hali yake sasa ivi: hatua mbili za chini zimeshaungwa, ya tatu bado iko kwenye vijiti, bawa moja kati ya manne ya chini limeachia, stika zile za kuloweka kwenye maji zimekuwa njano kama chai ya maziwa, na kale kamnara ka juu ka kuokolea wanaanga hakapo. Kwenye kona ya boksi kuna kipande cha msasa kimekunjwa mara nne. Niimalizie au niiache? Na kama ni kumalizia naanzia wapi?

---

fundi_nkuhungu

Pole na kumbukumbu mkuu. Mi naunganisha mpaka leo, vifaa naagiza Dar kwa mtu, kwaiyo nikupe nnayoyajua.

Kwanza vipande vyote vioshe na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vina mafuta ya kiwandani na vumbi la Dodoma la miaka arobaini, gundi na rangi havitashika. Alafu usiguse supa gluu kwenye hiyo kitu, inaacha ukungu mweupe pembeni na kiungo chake kinakatika kama biskuti. Tafuta gundi maalum ya polistirini, plastiki ya modeli hizi, ile haibandiki, inayeyusha plastiki pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja, ndo maana zile hatua mbili za mjomba wako hazijaachia mpaka leo.

Stika usizitupe. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, njano inatoka yenyewe taratibu. Kwa jua la kwetu hili usiache wiki bila kuangalia, nyekundu nayo inafifia. Kabla ya kuloweka zipulizie vanishi nyembamba isiyo na rangi, za zamani ukizitia kwenye maji hivihivi zinasambaratika vipande vipande.

Kamnara katengeneze. Chukua kijiti kilichobaki, pasha juu ya mshumaa huku unazungusha, kikianza kulegea kitoe kwenye moto, hesabu moja mbili, vuta taratibu pande mbili. Unapata uzi wa plastiki mwembamba kama wa kushonea, umenyooka. Unakata vijiti vidogo unajenga kamnara kote. Mara ya kwanza utavuta vitakatika kumi, ya kumi na moja utapata.

Rangi paka alfajiri kabla upepo haujaanza, ukimaliza funika na beseni.

---

binti_wa_mvumi

Mbukwenyi wandugu. Kaka naomba nitofautiane kidogo. Mimi baba yangu aliacha redio ameifungua katikati, skrubu kaziweka kwenye kikopo cha kahawa. Kaka yangu akaipeleka kwa fundi ikatengenezwa, inaongea vizuri sana. Lakini kile kikopo kilitupwa, na mimi nilichokuwa nakitaka ni kikopo. Huo msasa uliokunjwa usiutumie na usiutoe kwenye boksi. Mengine fanya unavyoona.

---

mzee_wa_tunguu

Wanangu mmenigusa. Mimi ni mtu wa Unguja, Dodoma nimeletwa na kazi ya serikali nikabaki. Watu wengi hawajui kuwa safari hizi za anga zilipita kwetu. Pale Tunguu Wamarekani walikuwa na stesheni ya kufuatilia vyombo vya Mercury, vile vyombo vyao vya mwanzo vya kubeba mtu mmoja angani, mimi mtoto wa skuli. Februari 20, 1962 mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, akipita upande wetu anaongea na Zanzibar kwa redio, sie tuko chini tunaangalia juu hatuoni kitu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafungwa.

Ami yangu alikuwa baharia, akaniletea boksi la modeli za kampuni ya Revell lenye Mercury na Gemini, kile cha watu wawili kilichofuata, pamoja. Ile Mercury niliiweka dirishani imeelekea Tunguu. Mtu mmoja anakaa mle hawezi hata kunyoosha miguu, nikiwa nayo mkononi ndipo nilipofahamu hilo, magazeti hayakunifahamisha. Ilivunjika katika kuhama na mpaka leo naikumbuka uzito wake. Wewe yako ipo. Imalizie mwanangu.

---

kijana_wa_udom

Shikamoo mzee, hii ya Tunguu nlikuwa siijui kabisa.

Mtoa mada kitu kimoja kabla hujashika brashi. Modeli nyingi za Saturn V za enzi hizo zilifuata rangi za 500F, ile roketi ya majaribio waliyoitoa nje kule Florida Mei 1966 kwa ajili ya kupima mitambo na mnara, haikuruka. Ile ilikuwa na mkanda mweusi kwenye hatua ya kwanza, katikati ya matangi mawili, zilizoruka pale ni peupe kwa sababu weusi ulikuwa unavuta joto. Kwaiyo ukilinganisha na picha za Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, utaona kikaratasi "kimekosea" na utashawishika kurekebisha. Mi ningefuata kikaratasi. Mjomba wako alikuwa anaiona ile ya kwenye kikaratasi.

---

mtoto_wa_kota

Asanteni sana, shikamoo mzee wa Tunguu. Nimesoma yote mara mbili na mke wangu naye nimemsomea.

Nimeamua kumalizia, kwa rangi za kikaratasi. Dada wa Mvumi, msasa nimeuacha kwenye kona yake, nimenunua mwingine. Hatua mbili za mjomba nazo siziguzi zaidi ya kurudisha lile bawa, hata pale gundi ilipomwagikia pembeni kuna alama ya kidole imebaki kwenye plastiki, ni kubwa, sio yangu.

Stika ziko dirishani leo siku ya tatu, pembeni pameanza kuwa peupe ila katikati bado, nyekundu haijafifia. Jana usiku nimejaribu kuvuta kijiti, vimekatika sita. Fundi, mshumaa wa kawaida unatosha au moto wake mdogo?

---

fundi_nkuhungu

Unatosha kabisa. Unakatika kwa sababu unavuta kikiwa bado juu ya moto. Shikilia juu kidogo ya ncha ya moto sio ndani yake, kitoe kwanza, ndo uvute. Na funga dirisha, upepo unayumbisha moto.