Mvua na upepo njia nzima: nyie mnaoenda kazini kwa baiskeli mnafanyaje?

Pedali_Asubuhi

Wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Naenda kazini kwa baiskeli, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Kukiwa kukavu sina neno na mtu. Mvua zikianza ndipo nateseka, na safari hii zimekuja na upepo.

Baiskeli ni ya kawaida: usukani mnyoofu, giya saba nyuma, breki za raba zinazobana ringi, madigadi mafupi ya plastiki. Mgongoni nabeba begi lenye kompyuta na nguo za kubadilisha. Koti la mvua ninalo na maji hayapiti, lakini nikifika kazini shati limelowa vilevile. Miguu ndiyo usiseme, soksi nazikamua.

Yote hayo ningevumilia. Kinachonitisha ni daraja. Karibu na mwisho wa njia kuna daraja refu, pembeni hakuna kitu zaidi ya kingo za vyuma, na asubuhi upepo unanipiga ubavuni kutoka upande wa magari. Lori likinifikia, upepo unakatika ghafla na najikuta navutwa kuelekea lori lenyewe. Likishapita tu, upepo unarudi na kunisukuma kwenye vyuma. Nashika usukani kwa nguvu zangu zote, ila naona ndiyo kwanza mambo yanazidi.

Sasa, nivae nini? Breki nazo nizifanyeje, maana kwenye maji nabana na baiskeli inatembea kwanza, ndipo inakumbuka kushika? Na huo upepo wa daraja una dawa, au kuna siku za kupanda basi tu?

Tafadhali, wa kuniambia ninunue gari apite kimyakimya.

Koti_Jekundu

Anza na madigadi. Hayo mafupi ni mapambo. Maji mengi yanayolowesha miguu yako hayatoki mawinguni, yanarushwa na tairi lako la mbele. Tafuta marefu, halafu lile la mbele lifungie mwishoni kipande cha mpira, hata cha tyubu iliyochoka, kining'inie mpaka karibu na ardhi. Viatu vitakushukuru siku hiyohiyo.

Na kompyuta itoe mgongoni. Breki na upepo namwachia Tarishi, najua hayuko mbali.

Tarishi_Mstaafu

Nimeitwa, nimekuja. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua na vifurushi kwa baiskeli, na barua haingoji mvua ikatike. Nianze na daraja, maana shati bichi halijawahi kumuua mtu.

Ndugu, unachokieleza hapo juu kina sababu yake. Upepo ukikupiga ubavuni, mwili unajilaza kidogo kuelekea unakotoka huo upepo. Hujiambii, unatokea wenyewe, na ndiyo maana unaenda sawa. Lori likija likauziba, wewe bado umelala upande ule na hakuna tena kinachokuzuia. Baiskeli inafuata ulikolalia, yaani kwa lori. Unashtuka, unajirudisha wima. Wakati huo lori limeshapita, upepo unarudi wote kwa mpigo na kukukuta hujajiandaa, ndiyo hapo unatupwa kwenye vyuma. Ni misukosuko miwili inayopingana, imefuatana ndani ya pumzi moja.

Ukikaba usukani unaongeza ubaya. Mikono ikikakamaa, kila upepo unaosukuma kifua chako unashuka moja kwa moja mpaka gurudumu la mbele. Kunja viwiko, vidole vishike bila kubana, kifua kiache kiyumbe chenyewe. Utashangaa gurudumu linavyoshika njia yake. Inama kidogo upunguze mwili unaousimamishia upepo. Miguu iendelee kuzunguka kwa giya nyepesi, usitulize pedali. Ukisikia lori nyuma yako usiongeze mwendo ukidhani utalikimbia, punguza, ili likupite upesi na kile kivuli chake kiwe kifupi.

Tena kaa mbali na vyuma. Mtu akiogopa hujibana ukingoni, na aliyejibana hana pa kuyumbia. Acha nafasi pande zote mbili. Dereva naye akikuona uko ndani ya njia, mara nyingi anakuzunguka kwa adabu zaidi kuliko akikuona umejificha pembeni.

Hujasema kuhusu jioni. Kama upepo haujageuka, wakati wa kurudi unatoka upande wa vyuma na kukusukuma kwenye magari. Hiyo kwangu ni mbaya kuliko ya asubuhi, kwa sababu ukikosea hukosei kwenye chuma, unakosea kwenye tairi la mtu. Upepo wa namna hiyo ukija kwa mafungu, mara upo mara haupo, mimi nilikuwa nashuka kwenye kona ya daraja na kusukuma baiskeli kwa miguu mpaka ng'ambo. Upepo mkali lakini wa mfululizo unazoeleka. Ule wa mafungu hauzoeleki, na hata utabiri wa hali ya hewa huwa unautaja peke yake, kwa hiyo ukisoma utabiri angalia namba ya mafungu, usiangalie wastani.

Upepo wa mbele ni mateso tu. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa, mwili wako unapigwa na hewa ya 30, na upinzani wake ni mara nne ya siku isiyo na upepo. Sasa mtu anataka afike kwa saa ileile aliyozoea! Weka giya unayopandia kilima, fuata pumzi zako, saa iache iende. Na usijidanganye kwamba wakati wa kurudi upepo utakulipa ulichokukopa. Kwenye upepo wa mbele unakaa muda mrefu kuliko kwenye upepo wa mgongoni, kwa hiyo jumla ya safari mbili unabaki umedaiwa.

Breki. Ringi ikilowa, raba zinaanza kwa kufuta maji, ndipo zinashika. Huko kutembea kwanza unakokusema ni huko kufuta. Kwa hiyo usingoje mpaka uhitaji kusimama. Ukikaribia makutano gusa breki kidogo mapema, gurudumu lizunguke likifutwa, kisha bana. Chukua sumaku uijaribu kwenye ringi: ikinasa, ringi yako ni ya chuma kilichong'arishwa, na hiyo kwenye maji ni janga, badilisha ringi kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Isiponasa ni aluminiamu, unaweza kuishi nayo.

Baada ya mvua toa magurudumu uziangalie raba usoni. Utakuta vijichembe vinavyong'aa vimezama ndani yake, ni aluminiamu ya ringi yako mwenyewe imechanganyika na mchanga. Ukibana ukasikia mlio wa kukwaruza, ni hivyo. Vichokoe kwa pini kimoja kimoja, halafu piga raba msasa mpaka uso wake uwe mweusi usiong'aa. Hiyo kazi haipendwi na mtu, ila usipoifanya raba zinageuka tupa na ringi inaliwa huku unaiona.

Kama siku moja utanunua baiskeli nyingine, chukua ya breki za diski au za ndani ya gurudumu. Haya yote ya kufuta maji utayasahau.

Pedali_Asubuhi

Mzee, umenifungua macho. Hiyo ya kujilaza kwenye upepo nimeisoma mara mbili, ndiyo yenyewe kabisa. Sumaku haikunasa. Vijichembe navyo vimo, tele.

Swali jingine. Mwenzangu kazini anasema tairi zangu ni laini mno, hazina makucha, kwa hiyo zitaelea juu ya maji kama za gari. Nibadilishe? Na bado sijajibiwa la shati.

Mama_Keria

La shati nalijibu mimi. Koti lako halivuji, wewe ndiye unayelowa kwa ndani. Ni jasho. Hata makoti yanayosifiwa kwamba yanapumua hayawezi kutoa jasho lote la mtu anayepambana na upepo, na kitambaa chake cha nje kikishalowa chapa ndiyo kabisa, mvuke hauna pa kutokea. Kwa hiyo vaa kidogo ndani. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo, ukiwa na joto pale mlangoni umeshavaa kupita kiasi. Fungua zipu ya shingoni, za kwapani kama zipo, na ukate mwendo kama Tarishi alivyosema. Begi likihamia kwenye keria, mgongo nao unapata hewa.

Mimi shati la kazini silivai njiani hata siku moja. Njiani navaa fulana nyembamba ya sufu, kwa sababu sufu ikilowa bado inashika joto kiasi. Pamba ikilowa inakugandia mwilini na ukisimama kwenye taa upepo unapita moja kwa moja. Nguo kavu zinakaa kazini, napeleka za wiki siku kusipokuwa na mvua.

Miguu nilishaacha kupigana nayo. Navaa ndala za kamba za kufunga kisigino, soksi na viatu vinakaa mkobani. Mguu ukilowa naufuta, viatu vikavu navaa kazini. Kukiwa na baridi kali hii haifai, hapo tafuta vifuniko vya kuvaa juu ya viatu. Na kiatu kikishalowa, kijaze magazeti, ubadilishe magazeti baada ya saa moja hivi. Usikiweke kwenye moto, gundi inaachia.

Mikoba ya keria tafuta ile ya kukunja mdomo mara tatu ndipo unafunga. Ya zipu inavuja kwenye zipu. Kompyuta hata humo bado iweke ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ukivaa miwani, vaa kofia ya mdomo chini ya helmeti, mvua inapiga mdomo wa kofia badala ya vioo.

Kama mvua ni ya wima, haina upepo, hakuna kinachoshinda joho la mvua. Linafunika mikono, mapaja na usukani, na hewa inaingia kwa chini, hutoki jasho.

Koti_Jekundu

Mama, joho kwa huyu ndugu na daraja lake? Si atapaa?

Mama_Keria

Nimesema kama haina upepo. Soma.

Tarishi_Mstaafu

Kuhusu tairi, mwambie mwenzako apumzike. Wahandisi wa NASA walipochunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zenye maji, waligundua kwamba kasi ya tairi kuelea inategemea zaidi presha ya ndani ya tairi. Kwa kanuni yao, tairi lenye presha ya paundi 50 kwa inchi ya mraba linahitaji kwenda zaidi ya kilomita 110 kwa saa ndipo lielee. Ukifikisha hiyo kwa baiskeli utuletee habari. Makucha yanasaidia kwenye tope na udongo, kwenye lami hayana kazi. Kinachosaidia kwenye lami ni tairi pana kidogo, lenye mpira usiokakamaa kwa uzee, na kupunguza presha kiasi. Usipunguze mpaka ringi ikaanza kugonga kwenye mashimo.

Unachopaswa kukiogopa hakina uhusiano na makucha. Mistari ya rangi barabarani, mifuniko ya mashimo ya maji machafu, bamba za chuma zinazowekwa palipochimbwa, majani yaliyooza, reli. Juu ya hivyo vyote usibane breki na usikate kona. Vipite ukiwa umenyooka, breki umeshaimaliza kabla. Reli ivuke karibu na pembe ya mraba kadiri barabara inavyokuruhusu, la sivyo gurudumu la mbele linaingia kwenye mfereji wake na wewe unabaki hewani. Dimbwi usilolijua chini yake lizunguke, kwanza ukiwa umeangalia nyuma.

Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ndiyo yenye hila kuliko zote. Mafuta na vumbi la wiki nyingi vinapanda juu ya lami, inakuwa utelezi mtupu mpaka mvua ioshe vizuri. Siku hiyo hata mimi nilikuwa naendesha kinyonge.

Pancha utazipata zaidi pia. Kipande cha chupa kikilowa kinateleza kuingia kwenye mpira kirahisi kuliko kikiwa kikavu. Ukifika nyumbani pitisha macho kwenye tairi, ukiona kimechomeka kitoe kabla hakijafika kwenye tyubu.

Pedali_Asubuhi

Nimeelewa. Madigadi nimeshaagiza, keria ninayo, joho nimeliacha kwa heshima zote. Jioni hii daraja nalipita kwa miguu maana utabiri una mafungu makubwa. Mnyororo je? Umeanza kulia na una rangi ya kahawia.

Mama_Keria

Hiyo kahawia ni kutu, mvua imeosha oili yote. Usiku uleule uliolowa ufute kwa kitambaa kikavu, kesho yake asubuhi utakuwa umechelewa. Kisha tone moja moja la oili nzito ya mnyororo kwenye kila kiungo, upande wa ndani, huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Ngoja dakika chache iingie, ufute tena ya nje yote, maana ya nje haisaidii kitu, inakusanya mchanga tu. Usitumie grisi. Ukimaliza hakikisha hakuna tone lililorukia ringi, na kama lipo lifute kwa spiriti kabla hujapanda.