Naomba ushauri: tuseme "-enye migongo", "-a matuta" au "-enye mikunjo"?

Habari zenu wakuu. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Igoma, Mwanza. Bosi kanipa kazi ya kuandika vibandiko vya bidhaa kwa Kiswahili, nami nimekwama kwenye neno la Kiingereza "corrugated", yaani lile umbo la kupanda na kushuka kama la bati.

Kwa bati sina shida, kila fundi anasema bati la migongo, mipana au midogo. Tatizo ni vitu vingine. Kuna bomba la plastiki ambalo ukilipitishia kidole unahisi pete, pete, pete, mwanzo hadi mwisho. Niliandika "bomba lenye matuta". Mzee mmoja wa Kisukuma akasoma, akacheka: "Mwanangu, kwani humo tunapanda viazi?" Na kweli, huku tuta ni la viazi, au lile la barabarani.

Kamusi inanielekeza kwenye "-enye mikunjo". Mimi silipendi. Mteja akisoma "bati lenye mikunjo" atadhani limeharibikia kwenye lori, ataomba punguzo! Ingawa asili ya hilo "corrugated" ni Kilatini, ruga, yaani kunyanzi, kwa hiyo kamusi haijakosea sana.

Halafu kuna nondo. Vile vijinundu vyake vinavyoshika zege, navyo niviite migongo? Naona kama meno zaidi.

Sasa wajuvi, "bomba lenye migongo" inakaa sawa masikioni mwenu? Au huko kwenu mafundi wana neno lao? Vibandiko vinachapishwa Jumatatu.