Nanasi la Bibi kwenye kucha za Rukia: gumzo la kikundi cha ukoo

Kikundi: Watoto na Wajukuu wa Bi Mwanaidi
Jumamosi usiku

Rukia (Dar): Shikamooni wakubwa. Bibi, ikuze hii picha uangalie kidole cha pete. [picha]

Bibi Mwanaidi: Marahaba mjukuu wangu. Nimeikuza. Hilo si nanasi la kitambaa changu cha meza ya redio?

Rukia (Dar): Ndilo bibi! Kitambaa ninacho hapa mezani, nimekaa nacho mchana kutwa nikikitazama. Nimepaka rangi ya maziwa kwanza, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikachora matundu kwa rangi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno. Kidole kimoja tu ndicho chenye nanasi zima. Vingine nimeweka ule ukingo wa mawimbi.

Sabra (Muscat): Mashaallah Rukia 😍 hadi vile vitundu vinapungua kuelekea juu umevipata!

Mama Nasra: Nasra kaninyang'anya simu, anahama na hiyo picha chumba hadi chumba.

Mamkubwa Zuhura: Kazi nzuri mwanangu, mkono umetulia. Lakini swala je? Rangi inazuia maji ya udhu.

Rukia (Dar): Najua mamkubwa. Hii ni ile wiki yangu ya kupaka. Nikirudi kwenye swala inafutwa yote. Ndiyo maana natumia rangi ya kawaida inayotoka kwa asetoni, jeli ile ya kukaushwa kwa taa hapana.

Sabra (Muscat): Mimi nimehamia kucha za kubandika. Nazichora nikiwa nimezipanga kwenye ubao, nikiwa na shughuli nazibandika kwa ile gundi ya karatasi yenye kunata pande mbili, nikirudi nazibandua na kuziweka kwenye kisanduku. Kidole kinabaki salama na mchoro wangu haupotei.

Mamkubwa Zuhura: Hilo nalo zuri. Ila wakati wetu ilikuwa hina tu. Mhina ulikuwa uani, majani tunakausha, tunatwanga, tunachekecha kwa kitambaa chepesi, tunakandia na ndimu. Unafungwa vidole usiku, asubuhi kucha nyekundu. Na udhu unapita, maana hina inaingia ndani ya ukucha, haikai juu kama utando.

Bibi Mwanaidi: Na haitoki mpaka ukucha ukue wenyewe.

Rukia (Dar): Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi bibi, kwa hiyo kuuondoa wote ni kama miezi 6. Wa mguu ni polepole zaidi. Yaani bibi harusi wa Idi kubwa anatembea na kumbukumbu yake nusu mwaka.

Mamkubwa Zuhura: Ila piko niliacha. Ile nyeusi ya kununua, si hina hata kidogo, ni dawa ya nywele. Ilimchubua jirani yangu mkono mzima siku mbili kabla ya harusi ya mwanawe.

Sabra (Muscat): Kilichomo ni kemikali inayoitwa PPD, mama. Ngozi ikishaikataa mara moja, inaikataa maisha, hata ukija kupaka nywele rangi uzeeni utavimba kichwa. Hina halisi haijawahi kuwa nyeusi tii. Mkiona nyeusi tii muulize kilichomo.

Bibi Mwanaidi: Rukia, sasa nikuulize mimi. Na hizo kucha unashikaje sindano ya krosheti? Mimi nilikuwa nakata fupi kabisa, uzi usinase.

Rukia (Dar): Swali langu la kila siku hilo bibi 😀 Nimejifunza mambo mawili. Kwanza umbo: ukucha wa mraba kona zake zinanasa uzi, nimehamia umbo la lozi, umepita kidogo tu ncha ya kidole. Pili, rangi inapopakwa lazima brashi ipite na kwenye ukingo wa mbele wa ukucha, la sivyo inaanza kubanduka hapo, na kile kipande kilichobanduka ndicho kinachokwaruza uzi. Halafu nashika sindano kama kisu cha kukatia mkate, sio kama kalamu. Nikishika kama kalamu kucha inagonga kiganja.

Sabra (Muscat): Mimi nashika kama kalamu, sijui namna nyingine.

Bibi Mwanaidi: Zote sawa. Mama yangu kama kisu, mimi kama kalamu, na kitambaa hakijui.

Rukia (Dar): Bibi, na ndicho nilichokuja kukuomba. Nanasi nimelichora kwenye kucha, sasa nataka kulifuma. Nimejaribu kusoma kwa kutazama kitambaa chako, napotea pale chini linapoanzia.

Bibi Mwanaidi: Ngoja nivae miwani.

Bibi Mwanaidi: Haya. Nanasi linaanza kwenye kijitundu cha cheni kilicho katikati ya kipepeo. Kipepeo unakijua: stichi ndefu 2, cheni 2, stichi ndefu 2, zote tundu moja. Sasa katika kile kijitundu cha kati unajaza stichi ndefu 11, zikae kama feni. Huo ndio mwanzo.

Bibi Mwanaidi: Mzunguko wa pili unarudia zile stichi ndefu 11, lakini kila moja na mwenzake unawatenga kwa cheni 1. Hapo una nafasi 10.

Bibi Mwanaidi: Mzunguko wa tatu, stichi fupi katika kila nafasi, na katikati yake cheni 3. Unapata vitanzi 9. Kuanzia hapo hakuna cha kufikiri. Kila mzunguko stichi fupi kwenye kila kitanzi, cheni 3 kati yake, na kitanzi kimoja kinapungua chenyewe. 8, 7, 6, mpaka kinabaki 1 juu. Ndiyo ncha ya nanasi.

Rukia (Dar): Kinapungua chenyewe! Mimi nilikuwa nakiruka kimoja kwa makusudi, ndiyo maana likawa linapinda.

Bibi Mwanaidi: Usiruke. Na pembeni, kulia na kushoto, endelea na vipepeo vyako kila mzunguko. Hivyo ndivyo vinavyolishika nanasi. Kitanzi cha mwisho kikiisha, kipepeo cha kulia na cha kushoto vinakutana juu yake.

Sabra (Muscat): Naihifadhi hii. Bibi umeeleza vizuri kuliko video zote nilizotazama.

Rukia (Dar): Kwenye video kuna tabu nyingine. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yale yale kwa stichi tofauti. Jina "double crochet" kwa Mmarekani ni stichi ndefu, kwa Mwingereza ni ile fupi. Nimefumua kikapu kizima kwa sababu hiyo. Sasa kabla ya kuanza naangalia kwanza mchoro ni wa wapi.

Mjomba Athumani: Nimekaa nasoma kimya. Wanangu, mikono hii ni pesa. Rukia, fungua ukurasa, weka bei. Vitambaa vya makochi watu wananunua, na kucha Kariakoo wasichana wanaishi kwa kazi hiyo. Kwa nini ipotee bure?

Rukia (Dar): Shikamoo mjomba. Nimelisikia, na najua unanitakia mema. Wanaoishi kwa kazi hiyo nawaheshimu sana, ni kazi ngumu, mgongo na macho. Lakini mimi kutwa nzima niko dirishani nahesabu pesa za watu. Nikirudi nyumbani nikishika sindano, hicho ndicho kitu pekee katika siku yangu ambacho hakuna anayenidai. Nikiweka bei, kesho kuna mteja anayetaka rangi nisiyoipenda kwa tarehe nisiyoiweza. Itakuwa dirisha la pili.

Mjomba Athumani: Lakini uzi unanunua.

Rukia (Dar): Nanunua mjomba, kama watu wanavyonunua tiketi ya mpira. Na kitambaa kimoja cha nanasi nakikalia jioni nyingi. Nikipiga hesabu ya saa zangu, hakuna atakayelipa, na nikiuza kwa bei wanayotaka sokoni nitaanza kukichukia. Sitaki kukichukia.

Bibi Mwanaidi: Athumani mwanangu. Vitambaa vyangu umekua ukiviona. Nimewahi kuuza kimoja?

Mjomba Athumani: Hapana mama.

Bibi Mwanaidi: Sikuuza hata kimoja. Kila binti wa mtaa aliyeolewa alipata seti kutoka kwangu. Wengine wamekufa, vitambaa viko kwa watoto wao. Baba yako alikuwa akinikuta na sindano usiku anasema mke wangu unapumzika saa ngapi, namwambia hivi ndivyo ninavyopumzika.

Mjomba Athumani: Nimekuelewa mama. Rukia, nimeondoa shauri langu. Ila binti yangu akiolewa namba ya kwanza kwenye seti ni mimi.

Rukia (Dar): Tayari mjomba, hiyo imeshaandikwa ❤️

Kaka Bakari: Asalaam aleikum. Nimetoka kusahihisha mitihani nimekuta jumbe rundo. Jambo mlilolipita haraka: vitanzi vinavyopungua kimoja kimoja. Hiyo ni hesabu kamili. Rukia, ukifuma duara bapa unaongezaje?

Rukia (Dar): Stichi 6 za kuanzia, halafu 12, 18, 24. Kila mzunguko nyongeza ya 6. Hata wale wanasesere wa Kijapani, amigurumi, kichwa kinaanza hivyo hivyo, kisha unaacha kuongeza ili kiwe mpira.

Kaka Bakari: Safi. Nyongeza ikiwa ile ile, kitambaa kinalala. Ukiacha kuongeza kinajikunja kuwa bakuli. Sasa ukiongeza zaidi ya hapo, tuseme kila stichi uifanye mbili, 6, 12, 24, 48?

Bibi Mwanaidi: Kinafanya malinda. Kingo za vitambaa vya zamani tulizifanya hivyo.

Kaka Bakari: Hayo malinda bibi ndiyo yaliyowasumbua wataalamu wa jiometri. Kuna aina ya uso unaopinda kila mahali kama tandiko la farasi, walikuwa wakijaribu kuuonyesha kwa karatasi na unachanika. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, aliufuma kwa krosheti. Wanafunzi wakaushika mkononi, wakaukunja, wakaona mistari inavyoachana. Sindano kama yako tu.

Rukia (Dar): Kaka unasema kweli???

Kaka Bakari: Kweli. Na mwaka 2005 dada wawili huko Los Angeles, Margaret na Christine Wertheim, wakachukua njia hiyo wakaanza kufuma miamba ya matumbawe. Kwa sababu matumbawe nayo yana umbo hilo hilo la malinda. Wafumaji wa nchi nyingi wameungana nao.

Mamkubwa Zuhura: Matumbawe haya ya kwetu Tanga?

Kaka Bakari: Hayo hayo shangazi. Maji yakitoka ukienda na mvuvi ukachungulia, utaona ukingo wa kitambaa cha bibi.

Bibi Mwanaidi: Nitafuma moja. Bakari uniletee hiyo hesabu kwa maandishi makubwa.

Kaka Bakari: Kesho baada ya adhuhuri niko kwako bibi.

Sabra (Muscat): Na mimi niwaambie, huku kofia za wanaume, kumma, zile za matundu yaliyozungushiwa uzi kwa sindano, ni ndugu kabisa na kofia za viua za Unguja na Lamu. Kuna mzee hapa jirani anashona barazani, nikimpita nasimama. Kila tundu anazungusha kwa mkono. Anasema hawezi kukaa mikono mitupu.

Mama Nasra: Samahani narudi nyuma kidogo. Nasra ana miaka 13, kaona kucha za Rukia, sasa anataka jeli kama ya rafiki yake. Nimruhusu?

Rukia (Dar): Mamdogo, jeli asubiri. Jeli mbichi ikigusa ngozi kabla haijakauka kwenye taa inaweza kumpa mzio, na mzio huo haupoi. Dawa za jamii hiyo ndizo madaktari wa meno wanazotumia kuzibia, kwa hiyo ukiupata ukubwani unakufuata hadi kwenye kiti cha daktari. Wale wanaopaka wenyewe nyumbani kwa taa za bei rahisi ndio wako hatarini zaidi, inamwagika pembeni ya ukucha na taa haikaushi hadi chini.

Sabra (Muscat): Na kuna kitu kinaitwa TPO, kinachofanya jeli iwe ngumu ikipigwa mwanga. Umoja wa Ulaya wamekipiga marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025. Chupa za zamani bado zinazunguka kwenye masoko yetu. Mimi ninaponunua nasoma kwanza kilichomo.

Mama Nasra: Basi nimepata jibu. Atalia kidogo.

Rukia (Dar): Asilie! Mwambie aje kwangu likizo. Nitampa rangi tatu za kawaida, pini na vijiti vya meno. Tunaanza na nukta. Nukta tano kuzunguka moja ni ua. Kanuni ni mbili tu: ukucha ufutwe mafuta kwa spiriti kwanza, na mikono miwili myembamba ya rangi, si mmoja mzito. Mzito ndio unaofanya mapovu. Usiku anapaka mafuta ya nazi kwenye ngozi ya shina la ukucha.

Nasra (simu ya mama): Dada Rukia nakuja!!! Na krosheti utanifundisha?

Rukia (Dar): Asubuhi krosheti, jioni kucha, kabla rangi haijakauka hatugusi uzi.

Bibi Mwanaidi: Mpe sindano nene kwanza, ya milimita 4, na uzi mnene wa rangi ya kung'aa aone stichi zake. Mtoto akipewa uzi mwembamba anakata tamaa. Cheni peke yake wiki ya kwanza, mpaka zote zilingane.

Sabra (Muscat): Bibi, nakuja mwezi ujao inshaallah. Nikuletee uzi namba ngapi?

Bibi Mwanaidi: Wa pamba, namba 20, mweupe. Usiniletee ule wa nailoni, ukipiga pasi unayeyuka na haushiki stachi. Na mmoja wa bluu ya bahari, wa hilo tumbawe.

Sabra (Muscat): Nimeandika.

Mamkubwa Zuhura: Na mimi majani ya hina, Sabra, unga uliochekechwa. Mhina wangu umekatwa walipojenga ukuta.

Rukia (Dar): Bibi nimefika vitanzi 9. [picha] Angalia kama niko sawa kabla sijaendelea.

Bibi Mwanaidi: Uko sawa. Ila kaza kidogo cheni zako, zimelegea upande wa kushoto. Endelea na 8.